Vibati Sitini na Tatu, Kitanda Kimoja

RISALA YA KIKUNDI CHA AKINA MAMA BEGA KWA BEGA, KIJIJI CHA UJAMAA MWANZO MGUMU, WILAYA YA KILOSA, KWA DAKTARI CLEOPA BEDA, MEI 1976

(Imeandikwa na Mzee Mwinshehe, mstaafu wa reli na karani wa kikundi. Inasomwa na Bi Lea, katibu.)

Mgeni rasmi, Daktari Cleopa Beda, uliyetuletea utafiti wa kansa ya mlango wa kizazi. Sista Ida, muuguzi, ambaye hatuwezi kukuita mgeni kwa kuwa umetuona hata mahali ambapo waume zetu wanapajua kwa kupapasa tu. Ndugu Filipo, Mwenyekiti wa Kijiji. Wazee, akina mama, na akina baba mliosimama madirishani mkijifanya mnapita:

Walio wakubwa kwetu, shikamooni. Walio wadogo, shikamoo zenu tutaziitikia baadaye, maana leo tuna haraka.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Mwanzo Mgumu. Tumefurahi kukuona, na furaha hiyo ni ya kweli ingawa nyuso zetu hazikuionyesha ulipoteremka.

Tumeona gari lako lina nafasi sita nyuma. Tumeona karatasi iliyo katika mfuko wa shati lako, nayo tunajua ina majina sita. Tumeona pia kwamba dereva hakuzima injini mpaka alipoombwa mara mbili. Kwa hiyo tumeelewa kwamba umekuja kuwachukua wanawake sita, kuwawahisha treni ya jioni Kilosa, na kuwafikisha Dar es Salaam wakatibiwe.

Tunakuomba jambo moja kabla ya mengine yote. Usisome hata jina moja katika karatasi hiyo mpaka Bi Lea afike mwisho wa risala hii. Akimaliza, kama bado utataka kusoma, utasoma.

HISTORIA YA KIJIJI NA YA UGONJWA

Kijiji chetu kilianza mwaka 1974. Wengine tuliteremka kutoka milimani na vitabu vyetu vya nyimbo, wengine tulitoka bondeni na misala yetu, tukakutana hapa kwenye majani marefu kuliko mtu. Leo tuna shamba la pamba la pamoja, shule ya madarasa manne, ghala, na zahanati yenye chumba kimoja na kitanda kimoja. Hicho kitanda kimoja tunaomba ukikumbuke. Tutakirudia.

Ugonjwa tuliujua kabla ya kijiji. Tulikuwa tukiuita ugonjwa wa damu isiyo na mwezi. Mwanamke anatokwa na damu akitoka shambani, anatokwa na damu akitoka kwa mumewe, halafu inakuja harufu, halafu watu wanaanza kukaa mbali naye, halafu anakufa. Mama wa mwenzetu Costancia alikufa hivyo mwaka 1973, na miezi mitatu ya mwisho alilala jikoni peke yake kwa sababu yeye mwenyewe aliona aibu kulala na wajukuu. Wapo waliosema amelogwa. Wapo waliosema ni adhabu. Hakuna aliyesema ni ugonjwa ambao ungeonekana miaka kumi kabla na kuondolewa.

Wa kwanza kusema hivyo ulikuwa wewe, Mgeni rasmi, Agosti ya mwaka jana, katika darasa hilihili. Ulituambia kwamba kabla ya kansa huwa kuna doa. Doa hilo haliumi, halitoi damu, mwenyewe hajui analo. Likiachwa, baada ya miaka linaweza kugeuka. Likikatwa mapema, mtu anarudi shambani kwake. Uliposema hivyo Costancia alitoka nje, na hakurudi mpaka ulipomaliza. Pengine ulidhani amechukizwa.

MAFANIKIO

Utafiti wako ulikuwa na swali moja, na tunalikumbuka vizuri kwa sababu ulitufanya tulirudie kama watoto wa shule: Je, ayodini inayopakwa kijijini inaweza kuona kile kinachoonwa na darubini ya Dar es Salaam?

Akina mama sitini na tatu tulijitokeza. Haikuwa rahisi. Kulikuwa na maneno kwamba mnakuja kufunga vizazi, na maneno mengine kwamba rangi ile ni ya mumiani. Mzee Mwinshehe ndiye aliyetutoa hofu. Alisema ayodini ni kama dawa inayopakwa mataruma ya mbao relini: pazuri panashika rangi, palipoanza kuliwa panabaki peupe. Tulicheka, tukaja. Baadaye Sista Ida alituambia kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake mzee yule alikuwa hajakosea sana.

Sista alitupaka mmoja mmoja, akatazama kwa tochi, akaandika. Halafu akakwangua kwa kijiti, akapaka kwenye kioo, akaandika namba kwenye kioo, akakitia ndani ya spiriti. Vioo vikapanda treni. Sisi tukarudi kupalilia.

Mwezi uliopita barua yako ilifika. Inasema darubini imeona vioo sita vyenye doa, na kati ya hivyo sita, vitano ayodini ya Sista Ida ilikuwa imeshaviona hapahapa, juu ya kitanda chetu. Mgeni rasmi, hongera. Utafiti wako ni sahihi. Tunataka hili liandikwe na lisomeke, kwa sababu maneno yanayofuata yanaweza kukufanya udhani tunaupinga. Hatuupingi. Kioo hakikukosea, ayodini haikukosea, Sista hakukosea.

Tuliokosea ni sisi.

KOSA LETU

Kichwa hiki hakimo katika risala nyingi. Mwenyekiti alitushauri tukiweke chini ya Matatizo, katikati ya bomba la maji na nguruwe pori. Tumekataa.

Siku ya vipimo tulivaa vibati shingoni. Mzee Mwinshehe aliwaza mwenyewe, akakata debe la mafuta ya taa vipande sitini na vitatu, akatoboa namba kwa msumari, akatia kamba. Asubuhi, pale mezani nje, aliandika daftari: jina, umri, namba. Aliandika kwa kufuata mabalozi wa nyumba kumi, nyumba baada ya nyumba, mwandiko ukanyooka kama reli ya Kimamba. Ulilisifu daftari lile mbele ya watu, na mzee hakula siku hiyo kwa kushiba sifa.

Sasa tazama tatizo, Mgeni rasmi, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona asubuhi. Nyumba moja inakaa mama na mke wa mwanawe. Kwa hiyo mama mkwe alipata namba 16 na mkamwana wake akapata 17. Na hivyo nyumba zote.

Na kitanda ni kimoja.

Kwetu, wa milimani na wa bondeni kwa pamoja, mkamwana hakai juu ya kigoda alichoinuka mama mkwe wake. Hapishani naye mlangoni. Sasa unamwambia avue nguo, alale chali, apanue miguu, juu ya shuka ambayo bado ina joto la mama wa mumewe? Na mama mkwe akitoka amkute mkamwana amesimama palepale mlangoni, anajua alichokuwa akifanyiwa? Daktari, tungekufa kwa aibu kabla kansa haijatufikia.

Hatukusema kitu. Wageni mlikuwa mmetoka mbali. Tulifanya tunavyofanya siku zote tukikwama: tulipishana. Mkamwana alitafuta mtu wa mwisho wa foleni, akampa kibati chake, akachukua cha yule. Mwenye kichanga alipewa nafasi na asiye nacho. Vibati vikatembea. Mchana ulipofika, namba zilikuwa zinaingia ndani kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, lakini shingo hazikuwa zile za asubuhi.

Sista hakuuliza majina. Ndivyo mlivyoagiza, ili siri ya mtu iwe siri, na sisi tulilisifu jambo hilo. Alisoma kibati, akaandika kibati.

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, namba 17 kwenye kioo na namba 17 kwenye ayodini ni mtu mmoja. Lakini namba 17 kwenye daftari ni mtu mwingine. Utafiti umepona. Mwanamke ndiye hakupona.

MANENO YA KARANI

(Kipande hiki ni cha Mzee Mwinshehe kwa niaba yake mwenyewe. Tumempa mistari ishirini. Amezidisha.)

Mgeni rasmi, mimi ni mtu wa reli, miaka thelathini na mmoja, Kimamba, Munisagara na njia ya Mikumi. Shuleni sikukaa. Kusoma nilijifunza kwenye lebo za mizigo, ndiyo maana hadi leo nikisoma neno nahisi linakwenda mahali.

Niliwaona wakibadilishana. Nisiseme sikuona. Nilikuwa nimekaa pale mezani na daftari langu, na Costancia akaja akaniuliza, "Mzee, si vibaya tukipeana?" Nikamjibu, "Namba ni kama tiketi ya daraja la tatu, mwanangu. Keti benchi lolote, Dodoma utafika." Akacheka, akaenda. Nami nikafurahi kwamba nimechekesha. Ningeweza kufuta na kuandika upya pale pale, dakika mbili kwa kila mtu. Sikufuta kwa sababu daftari lilikuwa zuri.

Barua ilipofika, mkamwana wangu Joha alikuja akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, wanasema namba 17 ni mimi."

"Daftari limeandika wewe."

"Daftari limeandika asubuhi," akasema. "Mimi kitandani nimelala mchana. Nilivaa 40."

Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Yule mtoto ana miaka ishirini na miwili. Ana mwaka wa tatu kwangu na bado hajashika mimba, na mimi na mke wangu Mwanakheri hatujamwuliza. Barua inasema doa la 17 limekwenda ndani kuliko yote, na kwamba huenda kizazi kizima kikaondolewa.

Nilikwenda kwa Ndugu Mwenyekiti siku ileile.

"Mzee Mwinshehe," akaniambia, "hii ni ya tembo au ya kiboko?"

Nieleze, maana wewe hukuwapo. Nimewahi kusema kijijini hapa kwamba tembo wa Mikumi alisimamisha treni ya mizigo, akakagua mabehewa yote, akateremsha magunia mawili ya mahindi na la tatu akaliacha kwa sababu halikuwa na lebo. Nimewahi kusema kwamba mwaka wa mafuriko kiboko wa Mkondoa alibeba daraja mgongoni mpaka treni ikapita, na dereva akampigia honi ya ahsante. La tembo lina ukweli kidogo. La kiboko halina.

"Si ya mnyama yeyote, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Ni ya mkamwana wangu."

"Ahaa," akasema. "Basi hapo ndipo."

Nikaelewa. Mzee anamwokoa mkwewe. Na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Mtu ametia chumvi miaka thelathini, siku anapoleta maji matupu, nani atayanywa?

Mengine watasema akina mama wenyewe.

MATATIZO TULIYOKUTANA NAYO

Tuliandika barua kwa ofisi ya utafiti. Tulijibiwa kwamba matokeo yamehakikiwa mara mbili na namba za vioo zinalingana na namba za ayodini. Ni kweli, zinalingana. Tukaandika ya pili. Tukajibiwa kwamba wagonjwa wengi huogopa upasuaji na hutoa sababu mbalimbali, na kwamba viongozi wa kijiji watusaidie kuelimika. Ya tatu haijajibiwa, ila umekuja wewe na gari.

Tukaamua kujitafuta wenyewe. Tulikutana kwenye ghala la pamba, akina mama sitini na wawili. Wa sitini na tatu amehamia Magole kwa mumewe, tukamtumia salamu. Tuliweka vibati vyote chini, tukasema kila mmoja aokote kile alichokilalia kitandani.

Ishirini na wawili hawakubadilisha. Hao waliokota bila wasiwasi, na kati yao wamo wawili ambao majina yao unayo katika karatasi yako: mmoja mjane, mwingine anaishi peke yake, hawana mkwe wa kumwonea haya. Hao wawili ni wao kweli. Wamekwisha kufunga mizigo yao, wamekaa pale mbele, na leo watapanda gari bila neno.

Arobaini na mmoja, tukimhesabu wa Magole, walibadilisha. Wapo waliobadilisha mara tatu. Majina manne yaliyobaki katika karatasi yako yamo humo.

Tuliifuata namba 17. Joha alimpa Costancia, akachukua 40. Hilo wote wawili wanakubali.

"Wewe Costancia ulimpa nani?" tukamwuliza.

"Mlangoni watu walisongamana. Shangazi wa mume wangu alikuwa mbele yangu kabisa, nikarudi nyuma. Mkono ukaja, nikaweka kibati."

"Mkono wa nani?"

"Ulikuwa na bangili."

"Humu ndani nani hana bangili?"

Akaanza kulia. Tulijua anachokilia. Yeye ndiye anayeujua mwisho wa ugonjwa huu, aliufua kwenye shuka za mama yake, na sasa hajui kama aliushika mkononi akampa mtu, au kama ulimrudia yeye kwa namba nyingine.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka 17. Kibati kilibaki chini. Mtu akasema kwa hakika yeye alikuwa 52. Mwingine akasema hapana, 52 nilikuwa mimi. Ndugu wawili waliochangia titi moja wakaanza kuitana waongo. Tulikaribia kuvunjika pale, Mgeni rasmi. Kikundi kilichopalilia ekari arobaini bega kwa bega kilikuwa kinatazamana matumbo.

Halafu Teresia akainuka. Teresia mnamwona, ndiye yule mnene anayejificha nyuma ya nguzo. Akaokota kibati cha 17, akakitia shingoni, akasema:

"Niandikeni mimi. Nimezaa sita, kizazi nimekitumia kimechakaa. Nitapanda gari, Joha abaki."

Joha akaficha uso. Aliyejibu ni Bibi Mwanakheri, mke wa karani wetu, mama mkwe wa Joha.

"Teresia mwanangu, Mungu akulipe. Nami ndiye ningependa kuliko wote humu kusema ndiyo. Ila nikuulize. Wewe ukikatwa, mwenye doa atapona?"

"Hapana, mama."

"Atakuwa wapi?"

"Shambani."

"Anapalilia, anaimba, amekwisha kuambiwa ni mzima," akasema Bibi Mwanakheri. "Kivue hicho, mwanangu. Hicho si cha kubebeana."

Akakivua.

Hapo ndipo ilipo shida yetu yote. Ukimchukua Joha leo, unafanya makosa mawili kwa kisu kimoja: unamkata mzima, na unamwacha mgonjwa akiwa na furaha. Na Joha hatakataa. Tunakuonya. Ukisoma jina lake atainuka. Amekwisha kukunja khanga zake mbili ndani ya kikapu. Alituambia, "Serikali ikiniita nitakwenda, nisije nikaambiwa nimeharibu utafiti." Ndivyo tulivyomlea. Leo malezi yetu yanatutisha.

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala huwa na maombi mengi. Bomba tutaliomba mwaka kesho. Nguruwe pori tutapambana nao wenyewe. Leo tuna ombi moja: utupime upya, leo hii, wote, kabla gari halijaondoka.

Tunajua utasema hukujiandaa. Tumejiandaa sisi.

Ayodini: hata ukiwa umekuja na chupa moja, haitatosha. Sista Ida alituambia mwaka jana kwamba chupa moja inatosha watu ishirini. Tumeomba Kimamba, tumeomba Magole, tumekusanya chupa nne. Ziko mezani pale chini ya kitambaa, wala si juisi.

Watu: tupo sitini na watatu, kamili. Wa Magole amefika jana kwa miguu na mwanawe mgongoni. Tunasema wote, siyo wale arobaini na mmoja tu, kwa sababu waliokiri ni waliokiri, na mwenye haya huwa hahesabiki.

Maji: yanachemka tangu alfajiri, mapipa mawili, kwa ajili ya vyombo vyako.

Muda: karani wetu ameandaa ratiba kama ya treni. Ukianza saa nne, dakika kumi kwa kila mtu, utamaliza saa tisa na nusu, na saa kumi gari litaondoka na watu wanaostahili kuondoka, wawe wanne, watano au sita. Anasema pia kwamba yapo mambo anayoyajua kuhusu ishara za reli yanayoweza kuichelewesha treni ya jioni pale Kilosa, asijue mtu ni nani. Tumemkataza. Lakini tumeona tukutaarifu kwamba amesema.

Utajiuliza ratiba hiyo inawezekanaje, watu sitini na watatu kwa kitanda kimoja. Haiwezekani. Ndiyo maana tumeongeza kitanda.

Mgeni rasmi, kitanda cha pili ni cha Teresia. Ni cha mninga, alikipata kwa mahari yake, kimeletwa jana kwa mkokoteni wa maksai. Kiko darasa la pili, kimefunikwa shuka safi, na dirisha limezibwa kwa khanga. Cha zahanati kiko darasa la nne. Kati yao kuna darasa moja tupu, na kila moja lina mlango wake wa kutokea. Wakamwana watakwenda darasa la pili kwa Sista Ida. Mama wakwe watakwenda darasa la nne kwako wewe mwenyewe. Hakuna atakayemwona mwenzake akiingia, wala akitoka.

Kuhusu wewe kuwa mwanamume, tulibishana siku mbili. Bibi Mwanakheri ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Nimezaa watano, wawili ni wakubwa kuliko huyo daktari. Anitazame tu, atakuwa ametazama alikotoka." Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza. Wakati wewe unampaka yeye darasa la nne, Sista atakuwa anampaka Joha darasa la pili. Wa kwanza kwa wa kwanza.

Watakaobaki weupe wapande gari, lakini utukwangue wote upya, maana lile doa la sita ayodini haikuliona; uchukue kioo, uandike kwenye kioo jina la mtu na jina la mama yake. Tumetengeneza orodha. Haina namba hata moja. Karani wetu ameiandika kwa machozi kwa sababu majina hayanyooki.

Kama utafiti unataka namba, ziweke wewe baadaye, huko Dar es Salaam, juu ya majina. Usiziweke tena shingoni mwetu kabla hujatuuliza nani analala baada ya nani. Lile swali lingechukua pumzi moja. Na sisi tungelijibu kama lingeulizwa na mwanamke, kando, kabla ya foleni. Hilo tunalisema bila kinyongo, kwa faida ya vijiji vitakavyofuata. Huko nako kuna mama wakwe.

KWA KUMALIZIA

Mgeni rasmi, kikapu anachokuletea Bi Lea sasa kina vibati vyako sitini na viwili. Tunakurudishia. Vimetengenezwa vizuri, vinaweza kufaa kwa ng'ombe.

Cha sitini na tatu hakimo kikapuni. Kiko mezani mbele yako, karibu na glasi ya maji. Ni namba 17. Hakina mtu. Mwenyewe yumo humu darasani. Alikuimbia ulipoteremka, amekupigia makofi, pengine ndiye aliyekuchotea hayo maji. Anaisikiliza risala hii na kumhurumia Joha, naye hajui kwamba ni yeye.

Saa nne imefika. Shuka zimetandikwa.

Mwenyezi Mungu akuongoze mkono, akupe macho ya kuona palipo peupe. Aliyetuumba na milango hiyo atulindie.

Ni sisi, kwa majina yetu,
Akina Mama Bega kwa Bega,
Mwanzo Mgumu.